Namba Inayoishia na Saba

Kazi yangu ni kuandika yanayosemwa na wengine. Nimekuwa karani wa Tume ya Jiji miaka kumi na minne, na watu wengi niliowaona wakisimama mbele ya kile kipaza sauti kinachokoroma hawakuja kwa mapenzi ya jiji. Kuna kitu kiliwauma, wakaja. Fundi Kufuli alikuja hivyo.

Nilimjua kabla ya siku ile. Tulikuwa majirani, nyumba mbili katikati yetu, na mkewe alikuwa rafiki yangu wa kuazimana chumvi na siri. Fundi alikuwa na kibanda nyuma ya benki, upana wake kama kitanda cha mtu mmoja, kuta zote zimejaa funguo ambazo hazijachongwa, zinaning'inia kwenye misumari. Alikuwa mcheshi. Mtu akija mbio kusema amefungiwa nje, Fundi alimuuliza kwanza kama amejifungia mwenyewe au amefungiwa na mkewe, maana ya pili hiyo haitengenezwi kwa bisibisi.

Walikuwa na mtoto mmoja, binti wa miaka ishirini na mmoja, mwanafunzi wa ukunga. Baba yake alimwita Mkunga tangu siku barua ya chuo ilipofika. Mwezi wa pili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mkunga alikuwa anavuka njia panda ya maghala kwenda zamu yake hospitalini, gari likamgonga wala halikusimama. Aliyeona ni mfagizi wa barabara peke yake. Alisema ni pikapu nyeupe, na namba yake inaishia na saba. Tarakimu ya kabla ya hiyo saba hakuiona vizuri. Ilikuwa saba nyingine, au moja. Polisi waliandika, wakaweka faili kabatini.

Siku ya mazishi jeneza lilibebwa na mjomba wa marehemu, mdogo wake mkewe Fundi. Huyo tulimwita Taratibu. Alikuwa anachukua mizigo ya wenye maduka, magodoro na makabati, na hakuna aliyewahi kumwona akizidisha mwendo. Tulikuwa tunamtania kwamba ukimpa barafu apeleke sokoni, atafikisha maji. Siku ile aliendesha taratibu kuliko siku zote, na sisi tulitembea nyuma ya gari lake kwa miguu bila kuachwa. Gari lenyewe lilikuwa pikapu nyeupe, lina turubai la buluu. Hakuna aliyewaza lolote. Pikapu nyeupe zimejaa mjini kama kunguru.

Miezi minne baadaye Kamanda wa Polisi alileta ombi mbele ya tume: kamera sitini za kufungwa barabarani, zenye uwezo wa kusoma namba za magari na kuzihifadhi. Wiki hiyohiyo mwekezaji mmoja alileta ramani ya kubomoa maghala ya zamani na kujenga maduka, stendi na ofisi. Alisema wazi kwamba hataweka jiwe la kwanza mahali pasipo na ulinzi wa kisasa. Mwenyekiti akayafunga mambo mawili katika kifurushi kimoja: ukitaka ajira, utake na kamera.

Siku mbili kabla ya mkutano, mkewe Fundi aliniambia tukiwa tunaanua nguo kwamba yeye anataka kitu kimoja tu pale njia panda, tuta la kupunguza mwendo na taa. Alishaandika barua mbili, hakujibiwa. Lakini mumewe alikuwa ameitwa na Mwenyekiti, amekalishwa kwenye sofa, amepewa maji ya chupa, akaambiwa kwamba sauti yake itaokoa watoto wa wengine. "Amerudi amenyooka," alisema. "Tangu msiba sijamwona amenyooka hivyo. Nitamwambia nini?"

Kwa kanuni zetu mwananchi hupewa dakika tatu, kisha mimi hupiga kengele. Siku ile Fundi alipofika dakika ya tatu Mwenyekiti alinitazama, akatikisa kichwa kidogo, nami nikauondoa mkono kwenye kengele. Alizungumza dakika kumi na moja. Alisimulia alivyoitwa kwenda kumtambua mwanawe kwa viatu. Alisema yeye kazi yake ni kufuli, anajua mwizi hachagui mlango mzuri, anachagua mlango usioangaliwa. "Gari lile lilijua haliangaliwi," alisema. "Nawaomba muweke macho."

Mjumbe mmoja, mwalimu mstaafu, alijikaza kisabuni akauliza maswali matatu: picha zitakaa muda gani, nani ataziangalia, na mashine ikikosea, mtu atalalamika wapi. Aliuliza kwa sauti ya chini, maana kumhoji baba aliyefiwa ni kazi ngumu. Kamanda alijibu kwamba taratibu zitaandaliwa. Walipiga kura, watano kwa wawili. Mkewe Fundi alikuwa amekaa safu ya nyuma, barua ya tatu ya tuta mkononi. Hakuitwa.

Kamera zilifungwa mwezi wa nane. Nyingi zilizunguka eneo la maghala, ambako mabati ya mwekezaji yalishaanza kusimama, na moja ikawekwa juu ya nguzo pale njia panda. Fundi alikwenda kituoni mwenyewe kuwakumbusha lile faili. Alikwenda mara nyingi, hadi askari wa mapokezi akawa anachongesha funguo kwake. Mwishowe Kamanda akaagiza maelezo ya mfagizi yaingizwe kwenye mfumo.

Nilikuwapo kibandani siku walipokuja. Ilikuwa mchana, nilikuwa nimepeleka ufunguo wa droo ya ofisi nichongewe wa pili. Askari wawili waliinama kuingia, mkubwa wao akasema, "Mzee, tumempata mtu wako."

Fundi aliacha ufunguo wangu kwenye mashine. Alimshika yule askari mkono kwa mikono yake miwili. Askari alimwacha akae kwanza, kisha akatoa karatasi kwenye bahasha. Ilikuwa picha. Hata mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni niliona turubai la buluu.

"Gari hili nalijua," Fundi alisema.

"Tunajua unalijua. Pikapu nyeupe, sabini na saba mwishoni, inapita pale njia panda kila siku asubuhi. Bampa limebonyea upande wa kushoto." Askari aliongea kwa upole, kama daktari. "Mara nyingi ndivyo inavyokuwa, mzee. Huwa ni mtu wa karibu."

Taratibu alikuwa ameshachukuliwa tangu asubuhi, kwenye duka la magodoro, mbele ya wateja.

Nilidhani Fundi atacheka, au atawafukuza. Nilidhani atafunga kibanda na kukimbia kituoni kusema huyu ni shemeji yangu, mnakosea. Alikaa na ile picha mapajani. Ufunguo wangu nilikuja kuuchukua baada ya wiki tatu.

Mkewe alikwenda kituoni siku hiyohiyo. Aliwaambia kwamba siku ya ajali mdogo wake alifika hospitali kwa miguu, jasho linamtiririka, kwa sababu gari lilikuwa bovu. Wakamjibu kwamba neno la dada si ushahidi. Alikwenda tena kesho yake, na keshokutwa, na kila siku, amebeba chakula na nguo safi. Fundi hakwenda. Alifungua kibanda, akafunga kibanda, akarudi nyumbani akakaa.

Siku ya tano nilipita kumwona. Alikuwa amepanga mambo yake kichwani kama mtu aliyekaa peke yake muda mrefu. Aliniambia bampa lile lilibonyea mwaka huu, si zamani. Aliniambia Taratibu alikataa hata pesa ya mafuta siku ya mazishi. Akaniambia alilia kupita kiasi, hadi akashikwa na watu wawili.

"Kwa nini alilia vile?"

"Alikuwa mjomba wake," nilisema.

"Na mimi ni baba yake. Sikulia vile." Alinitazama kama anayeomba nimpe jibu lingine. "Mashine haina chuki na mtu, dada. Haimjui Taratibu, hainijui mimi. Ingemsingizia kwa nini?"

Mkewe alikuwa ameshaingia, hatukumsikia. Aliweka kile chombo cha chakula chini. Kilikuwa kimerudi kama kilivyokwenda.

"Kamera zimefungwa mwezi wa nane," alisema. "Mwanangu amekufa mwezi wa pili. Hiyo mashine yako ilimwona wapi?"

Mkewe hakumngoja ajibu.

"Inajua kwamba anapita pale. Hata mimi najua anapita pale, ndiko kazini kwake. Na wewe unajua. Wewe umemjua miaka ishirini na mitano, na hujaenda hata kumtazama usoni."

Aliingia chumbani. Sisi wawili tulibaki tumekaa.

Kilichomtoa Taratibu ni miguu ya dada yake. Fundi magari aliyekuwa analitengeneza lile gari alikuwa amehama gereji, na hakuna aliyejua amehamia wapi. Mkewe Fundi alimtafuta gereji kwa gereji siku sita, akiulizia mtu mwenye kidole kimoja pungufu. Alipompata, yule fundi alikumbuka bila kuulizwa mara mbili. Gari lilikuwa kwake siku tatu, giaboksi iko chini sakafuni. Taratibu alikuwa chini ya gari naye, anamshikia taa, simu ya msiba ilipoingia. Na daftari la gereji lilikuwapo, lina tarehe na namba ya gari. Yule fundi magari alisema alifanya kazi usiku na mchana bila kupumzika ili gari lipate kubeba jeneza. Bampa lilibonyea baadaye, kwenye nguzo ya geti la gereji hiyo, wakati Taratibu anarudi nyuma.

Walimwachia siku ya kumi na moja. Hawakumwomba radhi; walimpa karatasi inayosema uchunguzi unaendelea. Kamanda alipoulizwa na mwalimu mstaafu alisema mfumo ulitoa pendekezo tu, waliokamata ni binadamu. Nilipokwenda kuwauliza hao binadamu kwa ajili ya kumbukumbu za tume, walisema wao walifuata mfumo.

Taratibu alipita nyumbani kwa dada yake jioni ya siku hiyo. Alikuwa amekonda, mkanda umeingia tundu la ndani. Fundi alisimama, na nadhani alikuwa ameandaa maneno.

"Shikamoo, shemeji," Taratibu alisema, kama kawaida yake.

"Marahaba," Fundi alijibu. Taratibu alingoja kidogo kwa heshima, kisha akaingia ndani kuoga.

Kazi ilimwishia. Mwenye duka la magodoro alimwambia ameshapata gari jingine. Wengine hawakumwambia kitu, waliacha tu kupiga simu. Mtaani watu walijua ameachiwa, lakini walijua pia kwamba alikamatwa, na hilo la pili ndilo walilokumbuka. Akauza pikapu, akahamia mji mdogo mwendo wa saa sita kwa basi, akapata kazi ya kupima magunia kwenye mashine ya kusaga nafaka. Dada yake alimsindikiza akae naye wiki mbili. Wiki mbili zikawa mwezi, mwezi ukawa miezi. Alinipigia simu kuniomba nimtazamie mumewe kama anakula. Hakuniomba nimpe salamu zake.

Mwezi wa tatu, mwaka mmoja na kitu tangu Mkunga afe, tume ilikaa tena. Majengo ya maghala yalikuwa yamefika ghorofa ya tatu na Mwenyekiti alikuwa na picha zake ukutani. Ombi jipya lilikuwa kamera mia na ishirini zaidi, na baadhi yake za kutambua sura za watu. Jina la Fundi lilikuwa la nne kwenye orodha ya wazungumzaji. Mwenyekiti aliniita pembeni kabla hatujaanza. "Leo dakika tatu ni dakika tatu," alisema. "Kwa kila mtu. Ni suala la haki."

Fundi alivaa shati lilelile jeupe la mwaka uliopita, sasa linampwaya. Alisema hivi, na ninayaandika kama alivyoyasema:

"Mwaka jana nilisimama hapa nikawaomba macho. Mlinipa, nashukuru. Macho hayo yalimleta shemeji yangu. Hakumuua mwanangu, gari lake lilikuwa gereji. Nyinyi mtasema ni kosa la mashine, na polisi atasema ni kosa la askari. Mimi nimekuja kusema langu. Mashine ilikosea siku moja. Mimi nilikosea siku kumi na moja. Nilikuwa naweza kwenda kituoni kila siku kati ya hizo, ni mwendo wa dakika ishirini, na sikwenda, kwa sababu niliamini kitu kinachotoka kwenye kompyuta hakiwezi kuwa kimebahatisha. Mimi nimeuza kufuli miaka thelathini. Kila kufuli niliyouza, mwenye nyumba alishika ufunguo. Hii mliyofunga barabarani, nimeuliza nani ana ufunguo wake, sijajibiwa. Mwalimu hapa aliuliza mwaka jana, naye hajajibiwa. Na pale njia panda, mke wangu aliomba tuta..."

Dakika ya tatu ilitimia. Mwenyekiti alinitazama. Nilipiga kengele.

Nimejieleza mara nyingi kwamba ni kanuni, kwamba nina watoto wanaosoma, kwamba angepiga mwingine. Fundi alinyamaza katikati ya neno. Hakubisha. Alisema asanteni, akakunja karatasi yake mara nne, akarudi kukaa. Safari hii walipiga kura wanne kwa watatu, na ombi likapita kwa sharti la ripoti kila mwaka. Katika muhtasari rasmi niliruhusiwa sentensi moja: mwananchi mmoja alitoa maoni. Maneno yake yote niliyahifadhi kwenye daftari langu, ndiyo maana ninaweza kuyaandika hapa.

Wiki iliyofuata alikwenda kwa shemeji yake. Aliniaga, na aliporudi alinisimulia, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumsimulia. Alimkuta Taratibu kwenye mashine, mweupe kwa unga hadi kwenye nyusi. Taratibu alimletea kigoda, akamwambia subiri nimalizie gunia hili. Akalimalizia, akalifunga, akaja kukaa chini mbele yake. Fundi alimwomba msamaha. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi.

Taratibu alikung'uta unga mikononi muda mrefu.

"Shemeji, sina kinyongo na wewe," alisema. "Siku ya kwanza nilikungoja. Nilijua utaingia pale unagombana na watu, nikawa naona aibu kwa niaba yako. Siku ya pili nikakungoja. Siku ya tatu nikasema labda unaumwa. Ya nne nikaacha kungoja, na kuacha kungoja ndiko kulikoniuma. Yule mtoto nilimbeba mgongoni mimi. Uliwezaje kukaa nyumbani ukafikiri ningemwacha barabarani?"

Fundi aliniambia jibu lilikuwa moja tu, kwamba aliweza. Walikula pamoja mchana. Waliongea habari za bei ya mahindi. Mkewe alipakua chakula, akakaa upande wa mdogo wake, na jioni alimsindikiza mumewe hadi kwenye basi. Pale alimwambia kwamba bado anamheshimu, ila kila akimtazama anamwona akiwa amekaa na ile picha mapajani.

Mkewe alirudi mwezi wa saba, siku ya Jumapili, mkoba mmoja mkononi. Mimi nilikuwa uani nikamwona akipita, tukasalimiana kwa macho. Aliingia, akafagia nyumba, akamuuliza mumewe kama amekula. Akaweka maji jikoni. Watu wa mtaa walifurahi, wakasema nyumba imepona.

Gari lililomgonga Mkunga halijapatikana hadi leo. Faili liko wazi, na namba ya pikapu ya Taratibu bado imo ndani yake. Nimeambiwa mfumo hauna kitufe cha kufuta, una cha kuongeza tu. Fundi na mkewe wanaishi. Wanaambiana bei za sokoni, wanaambiana nani amefariki, akiugua mmoja mwingine anamchemshia dawa. Lakini siku ile ya Jumapili, alipomaliza kufagia, mama yule aliuchukua mkoba wake, akaupita mlango wa chumba chao, akaingia chumba cha binti yake. Alitandika kitanda. Analala humo mpaka sasa.